Namba si jina: Jinsi alama za askari kwenye bunduki za kale zinavyochunguzwa

Majeshi ya Ulaya yaliyopigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, yalitofautiana kwa mengi, lakini yalikuwa na desturi moja iliyofanana: bunduki ya serikali haikuwa bunduki mpaka igongwe alama. Jina au nembo ya mfalme aliyetawala, kiwanda kilichoitengeneza, mwaka, namba yake na mara nyingi kikosi kilichoipokea, vyote viliandikwa kwa nyundo na muhuri wa chuma juu ya mtutu, juu ya komeo, juu ya bamba la kitako na hata juu ya skrubu ndogo ndogo.

Zaidi ya miaka 100 baadaye vipande vya silaha hizo vingali vinaonekana. Vipo katika makumbusho, vipo mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na katika nyanda za Taita na Taveta nchini Kenya, ambako Waingereza na Wajerumani walikabiliana mpaka Machi 1916, ardhi bado hutoa maganda ya risasi na vyuma vyenye kutu. Kila anayeokota au kurithi kipande cha namna hiyo huuliza swali lile lile: ni nani aliyeibeba bunduki hii?

Jibu la haraka ni kwamba alama karibu zote hazimtaji mtu. Zinataja mwenye mali, yaani serikali, na mahali silaha ilipohesabiwa, yaani kikosi. Namba ambayo wengi huidhania kuwa ni ya askari huwa ni namba ya bunduki yenyewe. Hata hivyo, zikisomwa kwa utaratibu, alama hizo zinaweza kumfikisha mtafiti karibu sana na mtu ambaye hakuna karatasi wala jiwe la kaburi linalomkumbuka, na hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo.

Mahali pa kuanzia ni alama za kiwanda. Kwenye bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1898, inayojulikana zaidi kwa jina la mbunifu wake Mauser, jina la kiwanda na mwaka husomeka juu ya chuma kinachoshika mtutu: Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg au kampuni ya Mauser ya Oberndorf. Namba yake kwa kawaida ina tarakimu zisizozidi nne. Hesabu ilipokaribia elfu kumi kiwanda kilianza upya na kuongeza herufi ndogo, kwanza a, kisha b, na kuendelea. Mwaka mpya ulipoingia kilirudi mwanzo kabisa. Kwa sababu hiyo namba peke yake, bila jina la kiwanda, mwaka na herufi yake, haielezi chochote. Bunduki nyingi tofauti zaweza kuwa na namba hiyo hiyo, zote halali.

Wajerumani waligonga pia tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo kwenye vipande vidogo. Jambo hili, ambalo fundi wa zamani alilifanya ili vipande visichanganyike wakati wa kusafisha, leo ni msaada mkubwa. Komeo likiwa na 17 na mtutu ukiishia na 52, ni dhahiri kwamba bunduki hiyo imeunganishwa kutoka silaha mbili, na historia ya kipande kimoja haiwezi kubebeshwa kingine.

Nembo za wafalme nazo hutoa tarehe, ingawa zina mitego. Kwa Waingereza, taji juu ya herufi V.R. ni zama za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, E.R. ni Edward, aliyetawala hadi 1910, na G.R. ni George aliyemfuata. Kwa upande wa Wajerumani, herufi W yenye taji huwafanya wengi waseme mara moja kuwa ni Mfalme Wilhelm wa Prussia. Lakini ufalme wa Württemberg nao ulikuwa na Wilhelm wake mpaka mwaka 1918, na herufi yake ni hiyo hiyo.

Baada ya kiwanda huja alama ya mwenye mali. Ile ya Waingereza ni mshale mpana, ambao ulitumika kwenye kila kitu cha serikali, kuanzia mizinga hadi mahema. Mshale huo ukiwa na herufi I chini yake, silaha ilikuwa ya India. Ukiwa ndani ya herufi U, ilikuwa ya Muungano wa Afrika ya Kusini. Ukiwa ndani ya C, ni ya Kanada. Mishale miwili iliyogongwa ikitazamana ncha kwa ncha ina maana kwamba serikali imeiuza bunduki hiyo na haina dai tena. Msomaji wa kawaida aweza kuipita alama hiyo bila kuiona, lakini ndiyo inayotenganisha silaha iliyouzwa kihalali na iliyopotea ghalani.

Sehemu inayosisimua zaidi ni alama ya kikosi. Wajerumani waliigonga kwenye bamba la chuma la kitako, au kwenye kisahani kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa kitako cha bunduki za mwaka 1898. Mfano wa mwandiko wao ni 25.R.4.112. Herufi R ni rejimenti ya askari wa miguu. Tarakimu inayotangulia ni namba ya rejimenti, inayofuata ni kombania, na ya mwisho ni namba ya silaha ndani ya kombania hiyo. Kwa hiyo hiyo ni bunduki ya 112 ya kombania ya 4, rejimenti ya 25. Herufi B ikitangulia yote, kikosi kilitoka Bavaria. Nukta ni sehemu ya maandishi, na anayenakili hana budi kuziandika zilipo, kwa kuwa nukta iliyokosekana huzigeuza tarakimu mbili kuwa namba moja.

Waingereza walikuwa na kisahani cha shaba, upana wake kama sarafu, kilichofungwa kwa skrubu upande wa kulia wa kitako cha Lee-Enfield. Juu yake waliandika kifupi cha jina la kikosi, pengine mwezi na mwaka wa kukabidhiwa, na namba ya bunduki kikosini. Vita ilipoongeza kasi ya viwanda, kisahani hicho kilionekana ni kazi ya ziada na kikaachwa kuanzia mwaka 1916. Bunduki nyingi zina tundu lake lakini hazina chenyewe, kwa maana kilikuwa rahisi kung'olewa na kutiwa mfukoni kama kumbukumbu. Hivyo yawezekana kukiona kisahani bila bunduki, au bunduki bila kisahani, na hakuna njia ya kuviunganisha tena kwa uhakika.

Kikosi kilipobadilika, fundi wa silaha alipiga mstari juu ya maandishi ya zamani na kugonga mapya pembeni. Alama iliyofutwa isidharauliwe. Ndiyo hatua ya kwanza ya safari, na ile ambayo haikufutwa ni ya mwisho inayojulikana.

Afrika Mashariki ni mahali ambapo utaratibu huu ulivurugika kuliko kwingine, na mtafiti asiyejua mwenendo wa vita hiyo atapotoka mapema. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani katika koloni lao, Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Makao ya kombania hizo yanajulikana: ya 1 ilikuwa Arusha, ya 12 Mahenge, ya 13 Kondoa, ya 14 Mwanza, ya 9 ilikaa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Kwa hiyo namba ya kombania, pale inaposomeka, humpa mtafiti mji.

Nyingi ya kombania hizo zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi. Silaha hiyo ilipiga risasi moja tu kabla ya kujazwa tena, na moshi wake mzito ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Wanaoikuta leo huidhania kuwa ni ya zama za Bushiri na Mkwawa, na hawakosei kwa umri wake, ila ilikuwa bado kazini katika vita vya mwaka 1914. Herufi K.S., ambazo wakusanyaji huzifahamu kuwa ni kifupi cha Kaiserliche Schutztruppe, yaani jeshi la Kaisari la makoloni, zinahusishwa zaidi na bunduki za kisasa zilizopelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo. Kuziona si uthibitisho kwamba silaha ilifika Tanga au Tabora.

Halafu mambo yakachanganyika. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 2 hadi 5, 1914, majeshi ya Uingereza na India yalishindwa na kurudi melini, yakiacha nyuma kile ambacho kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikihesabu kuwa ni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Askari wake waliokuwa na bunduki za moshi wakapewa za Kiingereza. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, ilifika kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki mpya zipatazo 1,800. Ilishambuliwa na Waingereza na kuzama katika maji mafupi, lakini shehena yake kubwa iliopolewa, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa na kukaushwa.

Novemba 25, 1917 kikosi hicho hicho, kikiwa kimebakiwa na risasi chache, kilivuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno ya Ngomano. Humo kilipata mamia ya bunduki na risasi zipatazo 250,000. Bunduki ya Wareno ya mwaka 1904 ilikuwa na nembo ya Mfalme Carlos wa Ureno chini ya taji, lakini kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa Berlin. Askari wa Kiyao au Kimanyema aliyeishika baada ya siku hiyo alikuwa na silaha iliyotengenezwa Ujerumani, ikanunuliwa na Ureno, ikapelekwa Msumbiji, ikarudi kuwatumikia Wajerumani. Hakuna muhuri hata mmojawapo unaolitaja jeshi lililoitumia mwishoni.

Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, alikabidhi bunduki zaidi ya 1,000, nazo zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hali hiyo bunduki yenye mshale mpana iliyookotwa kusini mwa Tanzania yaweza kuwa ilidondoka mkononi mwa askari wa King's African Rifles, au mkononi mwa yule aliyekuwa akimkimbia. Alama husema silaha ilianzia wapi. Mahali ilipokutwa, aina ya maganda yaliyo jirani na tarehe za mapigano ya eneo hilo ndivyo vinavyosema ilikoishia. Kitu kilichofukuliwa na kuhamishwa bila kuandika kilipolala huwa kimepoteza nusu ya ushahidi wake, hata kama maandishi yake ni safi.

Yapo pia maandishi ambayo si ya serikali. Maarufu kuliko yote ni yale ya Makaburu wa Transvaal na Orange Free State katika vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902. Jamhuri hizo zilinunua makumi ya maelfu ya bunduki za Mauser kutoka Ujerumani; za Orange Free State ziligongwa herufi O.V.S. Mkulima aliyeitwa vitani alikaa na bunduki yake nyumbani, na jioni za kambini alichonga jina lake, au herufi za mwanzo, kwenye mti wa kitako. Walipotekwa na kupelekwa St Helena, Ceylon, Bermuda na India, bunduki zao zilichukuliwa na askari wa Kiingereza kuwa kumbukumbu. Kwa kuwa orodha za wafungwa hao zimehifadhiwa, na nyingi ziko katika makumbusho ya vita hiyo mjini Bloemfontein, jina lililochongwa laweza kulinganishwa na la orodha na familia ikapatikana. Baada ya kushindwa, baadhi ya Makaburu walihamia Arusha na wengine Eldoret, na si ajabu silaha zao chache ziliwafuata.

Kwa nini basi majina ya askari Waafrika hayaonekani hivyo kwenye bunduki walizobeba miaka minne? Sababu haikuwa kukosa kusoma pekee. Wapo walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu au za Kizungu. Bunduki ya Kaburu ilikuwa kama mali yake. Ya askari ilikuwa mali ya serikali, ilirudishwa ghalani na kukaguliwa, na kuikwaruza kulimletea mwenyewe adhabu. Alichoachiwa ni namba. Mpagazi, ambaye hakupewa bunduki bali alibeba masanduku ya risasi zake, naye aliandikishwa kwa namba, na kikosi chake cha Carrier Corps kimebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1920 hazikuandikwa majina ya waliokufa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita hiyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Mbele ya pengo la ukubwa huo, kisahani kinachothibitisha kwamba kombania fulani ilipita mahali fulani si kitu cha kutupwa.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za kulinganishia nazo zimepata majanga. Sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam kwa mabomu Aprili 1945. Nyaraka nyingi za askari wa Uingereza wa vita ya kwanza ziliungua London Septemba 1940. Madaftari ya kila siku ya vita ya vikosi vya Afrika Mashariki yamenusurika na yako katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Hayo hayaonyeshi nani alipewa bunduki ipi, lakini huonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani. Nyaraka za utawala wa Kijerumani ziko Idara ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, na zinahitaji msomaji anayejua mwandiko wa zamani wa Kijerumani.

Uhaba huo wa karatasi ulidhihirika mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika Mwanza na wachache tu walikuwa na hati. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Inaelezwa kuwa hakuna aliyeshindwa.

Pengo hilo limewafungulia mlango walaghai. Bunduki yenye alama ya kikosi cha makoloni huuzwa ghali kuliko ya kawaida, na majina ya Makaburu hughushiwa mno. Anayechunguza hutazama makali ya herufi: muhuri wa zamani umechakaa pamoja na chuma kilichouzunguka, wakati uliogongwa karibuni hukata katikati ya kutu au mikwaruzo. Jina lililochongwa mwaka 1900 lina uchafu na mafuta ya mikono ndani yake sawasawa na sehemu nyingine ya mti. Aidha, alama ya kikosi ambacho hakikuwahi kuwa na silaha ya aina hiyo ni ya kutiliwa shaka, hata ikiwa imechongwa vizuri kiasi gani.

Katika kunakili, kosa lililo baya kuliko yote ni kusugua. Shaba ikisuguliwa kwa msasa au majivu hung'aa, na maandishi hafifu huondoka moja kwa moja. Inatosha kuweka mwanga wa tochi ubavuni, ukilala karibu na uso wa chuma, ili vivuli vijae ndani ya herufi, na kupiga picha kutoka pande mbalimbali. Karatasi nyembamba na penseli laini husaidia pale picha inaposhindwa. Maandishi yanakiliwe jinsi yalivyo, pamoja na nukta, mistari ya kufutia na herufi zilizopinduka, kabla ya kujaribu kuyafasiri. 6 iliyogeuzwa ni 9, na I ya Kirumi hufanana na 1.

Pia ieleweke kwamba ukale hauiondolei bunduki sura ya silaha mbele ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya silaha. Anayekuta bunduki au sehemu yake anapaswa kutoa taarifa polisi kabla ya kuihamisha, na kuomba makumbusho yaarifiwe. Risasi na mabomu yaliyozikwa tangu 1916 hayaguswi kabisa. Picha iliyopigwa kitu kikiwa bado mahali pake, pamoja na jina la kijiji, umbali kutoka kilima au mto ulio karibu na kina cha udongo, ndiyo itakayomfaa mtafiti atakayekaa na madaftari ya vita akitafuta ni kombania gani ilipiga kambi hapo.